Siku Mojambili Alipovikana Vyombo Vyake

Mume wangu anaitwa Mojambili na watu wote, hata mama yangu mzazi, ambaye kwa heshima ya ukwe alitakiwa kumtafutia jina la adabu zaidi. Limetokana na kazi. Kabla ya kila shughuli anashika maiki, anakohoa kidogo, anasema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Tatu hafiki. Siku ya harusi yetu aliinuka kwenye kiti cha bwana harusi, na koti lake, na ua kifuani, akaenda kupima sauti kwa sababu fundi aliyekodiwa alikuwa akimkera. Niliachwa pale mbele peke yangu kama mzigo uliosahaulika stendi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje.

Miaka ishirini na miwili sasa tuko pamoja. Si mtu wa maneno. Unamuuliza jambo asubuhi, jibu unalipata jioni, tena nusu. Lakini mweke nyuma ya mikisa yake, ile mashine ya kurekebisha sauti, utamwona mtu mwingine. Hedifoni anavaa sikio moja tu, la kushoto. La kulia analiacha wazi ausikie uwanja. Vidole viko juu ya vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Msemaji akipayuka, anamshusha. Akinong'ona, anampandisha. Hafikirii hata kidogo. Niliwahi kumwona msibani, bibi mmoja akimuaga mumewe, sauti ya bibi inakwisha, na mkono wa Mojambili unapanda taratibu huku mwenyewe machozi yanamtoka.

"Aliyekaa nyuma kabisa naye amekuja," huniambia. "Neno lisimpite."

Akirudi kazini swali lake ni moja. Havui hata viatu. "Kule ulikokuwa, ilifika?" Mimi namjibu ilifika, anafurahi, anaoga.

Stoo yetu ya spika, pamoja na viti vya plastiki ninavyokodisha mimi, iko kwenye safu ya maduka nyuma ya uwanja wa mikutano. Ukuta mmoja unatutenganisha na duka la Mama Pacha, fundi cherehani. Tuseme ulitutenganisha, maana sasa duka hilo lina mtu wa simu. Mama Pacha ndiye aliyeshona mifuko yote ya turubai ya kuvalisha spika za mume wangu, na kila mfuko aliutilia namba kwa uzi mwekundu: moja, mbili, moja, mbili. Spika nane zote, hakuna tatu. Alipoileta tulicheka mpaka nikajishika mbavu. "Jirani," alimwambia Mojambili, "siku ukifika tatu unistue, nikushonee suti ya bure."

Yeye ni Mwislamu, sisi tunasali Jumapili. Kwa miaka kumi na minne hilo lilikuwa suala la ratiba tu. Ijumaa mchana namlindia duka, Jumapili asubuhi ananipokelea watu wa viti. Kando ya cherehani yake palikuwa na kibao cha miguu mitatu, na kibao hicho kilikuwa changu. Mteja akikikalia, Mama Pacha alimwinua. "Hapo pana mwenyewe," alisema. Nikikaa, ananirushia pindo la sketi nilishike, yeye anabana pini. Sketi za shule zilikuwa nyingi, kwa sababu shule ya ng'ambo ya barabara, anakosoma mtoto wetu wa mwisho, ilimpa kazi ya sare miaka tisa mfululizo.

Basi kampeni zikaja, na mume wangu akapata kazi ya vyombo kwa mgombea mmoja, mikutano yote mpaka mwisho. Sitamtaja, tumwite Mheshimiwa kama anavyopenda mwenyewe. Tulifurahi. Mimi hasa nilifurahi, nilipiga vigelegele jikoni peke yangu.

Mkutano wa uwanjani kwetu ulikuwa saa kumi jioni. Sikwenda. Nilikaa kwenye kibao changu, nimeshika pindo, Mama Pacha ana pini nne mdomoni, tunamsikiliza Mheshimiwa akimwaga sera. Barabara, maji, zahanati, ajira kwa vijana, tena barabara. Sauti ilikuwa safi kweli. Nikajisifu kidogo, "Leo baba watoto katulia." Mama Pacha akaitikia kwa pua, kwa ajili ya zile pini.

Mara Mheshimiwa akashusha sauti. Niliambiwa baadaye kwamba aliifunika maiki kwa kiganja, akawainamia wale wa mstari wa mbele, watu wake, awape la kwao wenyewe. Hakutaka lifike mbali. Lakini nyuma ya mikisa alikaa mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hajaruhusu neno kumpita aliyekaa nyuma. Lilikuja mpaka dukani tulipokaa, na pumzi yake.

"Na nyie mnaponunua vitu, muwe mnaangalia muuzaji anasali wapi. Wa Ijumaa waacheni wauziane wenyewe kwa wenyewe. Mtawanenepesha mpaka lini?"

Uwanja ukacheka. Hicho kicheko ndicho kilichoniuma zaidi wakati ule, kwa sababu kilikuwa kikubwa na kilikuwa na sauti za watu ninaowajua.

Mama Pacha alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake. Akanyoosha kitambaa. "Mume wako leo kapatia," akasema. "Hata pumzi imesikika."

Nilishika lile pindo mpaka likajikunja.

Jioni Mojambili alirudi, akasimama mlangoni na viatu vyake. "Kule ulikokuwa, ilifika?"

"Ilifika."

"Yote?"

"Yote, baba watoto. Na Mama Pacha alikuwepo."

Akakaa chini. Akaniambia alidhani maiki inakufa betri, mkono ukaenda wenyewe. Alipoyasikia maneno yalikuwa yameshatoka. Aliutazama mkono wake juu ya goti muda mrefu, na chakula chake kikapoa.

Wiki mbili hazikwisha. Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akasema kapata dharura. Wa pili akasema kapata dharura. Wa tatu hakusema kitu, alimtuma dada wa kazi. Kisha mwalimu mkuu akaja mwenyewe, ana aibu, akasema shule "inaangalia upya" suala la sare. Mama Pacha alimuuliza kwa upole, "Mwalimu, kuna mshono uliofumuka?" Mwalimu alikiri hakuna. "Kuna mtoto alipelekewa sare imechelewa?" Hakuna. "Basi mnaangalia nini?" Mwalimu akatazama saa, akaaga. Wateja wakapungua hadi ukawa unasikia cherehani inaanza na kusimama, inaanza na kusimama.

Waandishi wa habari walimshika Mheshimiwa, tusiwaonee. Kulikuwa na dada mmoja wa redio, mwenye sauti ya puani, hachoki. Tulikuwa tukimsikiliza mimi na Mama Pacha.

"Mheshimiwa, ulisema watu wasinunue kwa Waislamu?"

"Swali zuri sana hilo. Wananchi wa hapa wana shida ya maji."

"Ninauliza kuhusu kauli yako."

"Ndiyo, na mimi kauli yangu ni maji."

"Ukimuuliza kala nini atakujibu amejenga daraja," nilisema, na Mama Pacha akacheka sana kuliko mzaha ulivyostahili. Mara nyingine Mheshimiwa akasema ana marafiki Waislamu wengi, wengine hata hulala kwake. Mara nyingine akasema hayo ni maneno ya mahasimu wake. Mara nyingine akamuuliza yule dada yeye mwenyewe anasali wapi. Tulikuwa tunamcheka, mwanamume mzima anavyopiga chenga. Nilikuwa namcheka kwa sauti. Leo nikikumbuka kile kicheko changu naona haya.

Ikatangazwa kwamba patakuwa na mkutano ukumbini, viongozi wa dini zote wawepo, waandishi wawepo, na mwananchi yeyote mwenye swali aulize. Vyombo, Mojambili. Viti, mimi. Siku tatu kabla, msaidizi wa Mheshimiwa alikuja nyumbani kwetu. Kijana mtanashati, mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisema hana jambo kubwa. Ikitokea Mzee Mojambili akaulizwa, aseme tu siku ile vyombo vilisumbua, maneno yakakatikakatika. Basi. Mikutano bado ipo mingi, na baada ya ushindi zitakuwepo sherehe.

Mume wangu alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Vyombo vyangu vibovu? Vyombo vyangu?"

"Hitilafu kidogo tu, mzee."

"Sina hitilafu. Muulize mtu yeyote."

Kijana akaondoka, akituachia "mtafakari". Mojambili akazunguka sebule. Na mimi, sitaki kusingizia mtu, mimi ndiye niliyemshika mkono nikamkalisha. Nilimwambia utapungukiwa nini. Nilimwambia hatudanganyi sana, maana kweli maiki ilifunikwa. Nikamwambia na hili, na hili ndilo linalonikaba mpaka leo: "Fikiria Mama Pacha. Ikijulikana hayakusemwa, watu watarudi dukani kwake. Unamsaidia." Nilisema hivyo na nikajiamini. Nilikuwa nimemtumia rafiki yangu ili nisiikose kazi ya adui yake, na nikajiona nina huruma.

Alinitazama. "Na mimi nimesikia," akasema. "Na wewe umesikia."

"Nani atatuuliza sisi?" nikamjibu.

Siku ya ukumbini palijaa. Mama Pacha alikuja na ushungi mweupe aliouweka kwa siku zake kubwa, akakaa safu ya tatu, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Aliniita kwa mkono. Alikuwa amenishikia nafasi. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba lazima nikae nyuma, niangalie viti vyangu. Viti mia mbili vya plastiki vitakwenda wapi, vimekaliwa na watu? Lakini ndivyo nilivyofanya. Akautoa mkoba, mzee mmoja akakaa.

Dada wa redio alianza. "Mheshimiwa, ulisema au hukusema?"

"Ndugu yangu, nashukuru kwa swali. Nikuulize na mimi. Tangu lini maji yakawa na dini?" Makofi.

"Sijajibiwa."

"Nimekujibu. Labda hukunielewa, na si kosa lako." Makofi tena, na vicheko. Viongozi wa dini walikuwa wanatazama viatu vyao, kila mmoja kwa dini yake.

Ndipo Mama Pacha akanyoosha mkono. Aliletewa maiki. Mojambili alimpandisha kidogo, kwa sababu alianza chini. "Mimi nashona nguo, duka langu liko nyuma ya uwanja," alisema. "Nilikusikia, mwanangu. Sitaki maji. Nataka unijibu. Ulisema watu waangalie tunasali wapi. Mimi sasa sina kazi. Uliyasema?"

Mheshimiwa akaweka mkono kifuani. "Mama yangu, pole. Mimi ni mtoto wako. Tatizo ni kwamba siku ile vyombo vilitusumbua sana. Maneno yalikatika, yakaunganika yanavyotaka yenyewe. Na tusibishane, fundi mwenyewe yupo pale. Fundi, si kweli?"

Vichwa vyote viligeuka. Mojambili akasimama nyuma ya mikisa yake, mwanamume ambaye hajui kusimama mbele za watu. Hakumtazama Mheshimiwa. Alinitafuta mimi. Aliniona pale ukutani, na macho yake yalikuwa yananiuliza, na bado kulikuwa na nafasi. Ningetikisa kichwa kukataa asingesema. Namjua. Asingesema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kulikuwa na hitilafu," akasema. Hakusema moja, mbili. Sauti yake mwenyewe haikufika nyuma, ikabidi msaidizi airudie kwa furaha: "Fundi anasema kulikuwa na hitilafu!"

Mama Pacha bado alikuwa ameshika maiki. "Sikuwa peke yangu," alisema. "Nilikuwa na mwenzangu, ananishikia pindo. Alisikia kama nilivyosikia."

Dada wa redio akaruka. "Mwenzako yupo humu?"

Mama Pacha hakugeuka nyuma. Alijua nilipo, alinionyesha nafasi dakika kumi kabla. Angeweza kunitaja. "Akiwepo," alisema, "atasema mwenyewe."

Nilifungua mkoba wangu nikaanza kutafuta funguo. Nilitafuta kwa bidii, nikatoa leso, nikatoa kitana, nikainama kabisa. Funguo zilikuwa mkononi. Nilisikia feni ya juu ikizunguka, nilisikia mtu akikohoa. Kisha nikasikia Mheshimiwa akisema kwa upole kabisa, "Basi, tuendelee."

Na tukaendelea. Nilihesabu viti vyangu, vikatimia.

Ile hesabu yangu ya huruma iligeuka chini juu kabla ya siku mbili. Redioni walisema imethibitishwa kwamba ilikuwa hitilafu ya mitambo. Na kama hayakusemwa, basi Mama Pacha kayatunga. Wale waliochukua vitambaa kwa kusingizia dharura walikuwa na haya kidogo mpaka hapo, nilikuwa nawaona wakipita upande wa pili wa barabara. Sasa wakapita mbele ya duka, kifua mbele. "Kumbe yule mama alituzulia," niliwasikia. "Wanapenda kuonewa hao." Mmoja alikuja kwangu kukodi viti, akaniambia hayo uso kwa uso, mimi nikiandika jina lake kwenye karatasi. Nikamuuliza anataka viti vingapi. Niliandika.

Na Mojambili naye alilipwa kwa namna yake. Mtu kasimama mbele ya ukumbi mzima akasema vyombo vyake vinakatakata maneno, unadhani nani atampeleka harusini kwa binti yake? Simu zilikuja za kuahirisha. Hakubishana na hata mmoja. "Ni kweli," aliwajibu, "tafuteni mwingine." Niliposema angalau ajitetee, aliniambia, "Nijitetee kwa nani? Mimi ndiye niliyesema."

Ana tabia ya kurekodi kila mkutano kwenye flashi, asikilize makosa yake baadaye. Ya siku ile ya uwanjani alikuwa ameifunga ndani ya soksi, kabatini. Nilipoona Mama Pacha anafunga duka, nikaitoa ile soksi, nikaingia dukani kwake. Alikuwa anafungasha vifungo kwenye makopo.

"Dada," nikasema, "chukua hii. Yamo yote, neno kwa neno. Ushahidi huu hapa. Mpelekee yule wa redio."

Aliipokea, akaipindua kwenye kiganja, akanirudishia.

"Jirani, mimi yale nilishayasikia. Unataka niyatembeze mtaani yasikike mara ya pili?"

"Ili wajue hukudanganya."

"Nilikuwa na mtu," akasema. "Tumekaa goti kwa goti. Sikuhitaji mashine. Nilihitaji neno moja, nilisikia. Moja tu." Kisha akaendelea na vifungo vyake, vyeusi kopo la vyeusi, vyeupe kopo la vyeupe. Aliondoka kesho yake, akaenda kwa dada yake nyuma ya soko. Cherehani ilibebwa kwenye mkokoteni, na juu ya cherehani, miguu juu, kile kibao.

Mheshimiwa alishinda, kwa wingi tu. Sherehe zilifanyika, vyombo wakaleta vya mtu mwingine. Kumbe hata wao hawakutaka vyombo vibovu.

Baada ya wiki tatu ulikuwepo mkutano wa wazazi shuleni. Shule haina pesa ya kuchagua fundi, ikamwita Mojambili. Tulikwenda wote wawili na hatukusemeshana njia nzima, yeye amebeba maiki, mimi nimebeba waya. Siku hizo nyumbani kwetu palikuwa hivyo.

Mwenyekiti wa wazazi alipitia ajenda zake. Madawati, ada ya mitihani, uzio. Akafika kwenye sare, akaonyesha sketi ya fundi mpya, pindo limepinda kama njia ya mlevi. "Fundi wetu wa zamani," akasema, "aliondoka kwa hiari yake, tunamtakia heri." Na akataka kupita.

Sikuwa nimepanga. Naapa, nilikuja kusikiliza habari za uzio. Lakini ile "hiari yake" ilinipanda kichwani. Nilisimama nikaomba maiki. Mwenyekiti akasema, "Mama, subiri kwenye mengineyo." Nikasema mengineyo ndiyo haya, lete maiki.

"Hakuondoka kwa hiari," nilianza. "Sisi tulimwondoa."

"Mama, hilo halipo kwenye ajenda."

"Mama Pacha alisema yule Mheshimiwa alitutaka tuangalie wauzaji wanasali wapi. Mkasema kazua. Hakuzua. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa naye dukani, nimemshikia pindo, nikasikia kila neno."

Mwenyekiti akamgeukia mume wangu, akateremsha kiganja chake chini, mara mbili, ile ishara ambayo kila fundi wa sauti anaijua: mshushe. Nilimwona. Sauti yangu ilikuwa inaanza kuniishia. Nilikuwa nimefika pale pagumu.

"Na ukumbini alipoulizwa mwenzake yuko wapi," nikasema, "mwenzake ni mimi. Nilikuwa nyuma, natafuta funguo ambazo hazijapotea. Na fundi alipotaka kusema kweli..." Hapo nikawa nanong'ona. "Mimi ndiye niliyemwitikia kwa kichwa adanganye."

Nilitegemea neno hilo litamezwa na midomo yangu mwenyewe. Kumbe lilitoka kwenye spika zote nne za siku hiyo, likagonga ukuta wa madarasa, likarudi. Nilimtazama Mojambili. Kichwa alikuwa amekiinamisha, hedifoni sikio la kushoto, na mkono ulikuwa umepanda mpaka juu kabisa.

Kisha yeye naye akachukua maiki yake ya majaribio, iliyo pale mezani daima. "Vyombo vyangu vilikuwa vizima siku ile," alisema. "Nilidanganya." Akairudisha mezani kama ilivyokuwa.

Msidhani watu walilia. Baba mmoja alicheka. Mama mmoja, yule wa dharura ya kwanza, alipaza sauti, "Na siku zote hizo ulikuwa wapi?" Ndilo swali pekee la maana nililosikia tangu kampeni zianze. Nilisema, "Nilikuwepo." Mwenyekiti alikohoa, akasema, "Tumelichukua, mama. Tutalifanyia kazi." Akaingia ajenda ya vyoo.

Kesho yake nilikwenda nyuma ya soko. Dada yake alinionyesha barazani. Mama Pacha alikuwa anashona, miwani puani, gauni la mtoto. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Nikaanza kueleza, jana shuleni, mimi na baba watoto.

"Nimesikia," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Watu." Akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, kidogo, akaweka sindano sawa. "Wanasema sauti ilifika."

"Ilifika, dada."

"Haya."

Kibao changu kilikuwa kando ya cherehani, pale pale pake. Juu yake pamerundikwa vitambaa vilivyokatwa, mikono ya gauni, kola, mfuko mmoja. Vilikuwa vichache, mtu angeviinua kwa mkono mmoja akaviweka sakafuni. Nilisimama nikingoja. Mama Pacha alishona mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno, akageuza kitambaa, akaanza mstari mwingine.